Maswali ya Wasomaji: Rapier kule Falkland

SWALI: Mwaka 1982 Rejimenti ya 12 ya Ulinzi wa Anga ya Uingereza ilikuwa na makombora ya Rapier, ya kutungulia ndege, visiwani Falkland, katika vita na Argentina. Mbona ndege za Argentina zilipenya?

JIBU: Kombania yake ya T ilishusha mitambo 12 San Carlos, walikotua Waingereza, baada ya majuma ya mtikisiko na unyevu melini, mingine ikagoma. Rada ya kulengea gizani haikupelekwa, hivyo mlengaji aliiandama ndege kwa darubini, mkono ukiwa kwenye fimbo ndogo ya kuongozea. Fyuzi (kiwashio cha kulipua kombora) nayo haikulipuka karibu na shabaha: ama kombora ligonge, ama lipite bure. Kisha jenereta (hili husahaulika mno): petroli ikiisha kilimani, mtambo umekufa mpaka helikopta ilete nyingine.