Kayaki ya kusafiria: ibebe kabla hujainunua

Kayaki yangu ya kwanza ya kusafiria, yaani kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kafi kinachokunjwa kikaingia begini, niliichagua kwa uzito ulioandikwa kwenye kasha: kilo 11. Nilipoongeza pampu, kafi, jaketi la kuokolea maisha, viraka na begi lenyewe, mizani ikasoma kilo 19. Kutoka niliposhuka kwenye basi hadi ziwani ni mwendo wa dakika 40, na nilifika mabega yakiuma kabla sijapiga kafi hata mara moja.

Tangu hapo huwa nauliza kwanza mzigo mzima utabebwa na nani, na kwa umbali gani. Kwa ndege, mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa begi moja, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Kafi ya vipande viwili mara nyingi haienei humo. Tafuta ya vipande vinne.

Nyepesi kuliko zote ni viboti vya kujaza upepo vya kubebwa mgongoni, kilo 2 hadi 4 hivi. Vinafaa mno kwa anayetembea milimani na kuvuka mito, ila ni vifupi, kwa hiyo havishiki njia, na upepo wa mbisho unavirudisha nyuma. Usiende navyo bahari ya wazi.

Za kukunja zenye mataruma ya alumini au mbao ndizo zinazokata maji vizuri. Wala si vya kuchezea: mwaka 1956 daktari Mjerumani, Hannes Lindemann, alivuka Atlantiki peke yake kwa kayaki ya namna hiyo iliyotengenezwa na kampuni ya Klepper. Lakini ni nzito na ghali, na kuziunga kunataka mazoezi. Iunge nyumbani mara tatu nne kabla ya safari.

Kwa msafiri wa kawaida mimi napendekeza ya kujaza upepo yenye sakafu ngumu. Ndani ya sakafu hiyo kuna maelfu ya nyuzi zinazoshikanisha kitambaa cha juu na cha chini, hivyo inapokea upepo mwingi bila kuvimba, ikakaza kama ubao. Zile za sakafu laini hupinda katikati ukikaa, na chombo kinakuwa kizito kusukuma. Angalia pia iwe na vyumba vya upepo visivyopungua vitatu, kimoja kikitoboka urudi ufukweni. Ukiipandisha nchi kavu juani, punguza upepo, maana joto huutanua na mishono ikaachia.

Jambo ambalo wauzaji hawaligusii ni kukausha. Maji hujificha kwenye mikunjo, na siku mbili ndani ya begi zinatosha kuota kuvu. Siku ya kuondoka siingii majini kabisa. Jioni ya kuamkia siku hiyo naisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, naigeuza kifudifudi kivulini, kisha asubuhi napitisha kitambaa kikavu kwenye kila mshono ndipo naikunja.