Picha za rafu zina mistari na chupa zinameta: ninunue kamera?

SWALI: Nina duka Shela, Malindi. Nauza achari za chupa, mabuyu ya pakiti, halua na mafuta ya nazi. Nikipiga picha za rafu kwa simu niwatumie wateja, zinatoka na mistari myeusi iliyolala, chupa zina madoa meupe, na rafu zimepinda. Watu wananiambia ninunue kamera. Ni kweli?

JIBU: Pesa zako zikae kwanza, dada. Hata kamera ya bei mbaya ingekutolea picha hizo hizo, kwa sababu tatizo ni mwanga wa duka na mahali unaposimama.

Mistari ni ya umeme. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, yaani huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na taa hufifia kila unapogeuka; kwa hiyo taa za tyubu na LED nyingi za bei rahisi hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde. Jicho halitambui, lakini simu husoma picha mstari kwa mstari na kuyanasa mabadiliko hayo. Ingia hali ya Pro ya kamera ya simu, ile unayojipangia mwenyewe, weka kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) 1/100 ya sekunde, au 1/50 ukiwa umeegemeza simu mahali. Kama simu yako haina Pro, zima taa ufungue milango. Mimi huanza na hilo hata nikiwa na vyombo vyangu vyote vya kupigia picha, maana mwanga wa mlangoni ukichanganyika na wa tyubu, achari ya embe upande mmoja huwa ya manjano na upande wa pili inaelekea kijani, na hakuna programu itakayokusahihishia vizuri. Ila jua lenyewe lisiguse rafu. Mlango ukitazama baharini, yaani mashariki, piga alasiri.

Madoa ya chupa ndiyo yanayosumbua zaidi. Mwanga ukigonga kioo huruka kwa pembe ile ile uliyoingia nayo, basi sogea hatua moja kando na utaona doa likihama. Lisipotoka, tafuta linatoka wapi: mara nyingi ni mlango, au ni wewe mwenyewe. Tazama chupa kwa karibu, utajiona umesimama humo ndani na simu mkononi. Aliyevaa kanzu nyeupe huonekana kwenye kila chupa ya rafu nzima; buibui jeusi ndilo vazi bora la kazi hii. Mtu akusimamishie shuka jeusi nyuma yako na chupa zitatulia. Filta ya polaraiza, kioo cha kuweka mbele ya lenzi ili kuzuia mng'ao, nayo husaidia kwenye kioo na plastiki, ukiizungusha huku ukitazama, lakini hupunguza mwanga mwingi na haiondoi mng'ao wa vifuniko vya bati.

Kupinda ni kwa sababu umekaribia mno ukatumia lenzi pana. Rudi nyuma, tumia zumu ya 1x au 2x, simu iwe kimo cha katikati ya rafu bila kuinama. Washa mistari ya gridi kwenye skrini ya kamera uilinganishe na ukingo wa ubao. Duka likiwa jembamba, piga kipande kipande. Mteja hataki rafu nzima, anataka kusoma lebo.

Kabla ya hapo futa vumbi, vuta bidhaa hadi ukingoni, lebo zitazame mbele. Na kama umeweka kiyoyozi, angalia mafuta ya nazi: chini ya nyuzi kama 24 huganda yakawa meupe, na anayeyajua yakiwa maji atadhani umempigia bidhaa nyingine.

Mteja akiingia kwenye picha, muombe ruhusa au usubiri apite. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hairuhusu uutumie uso wake kujitangazia biashara bila ridhaa yake. Ukituma kwa WhatsApp, chagua HD au itume kama faili, la sivyo picha itabanwa na maandishi madogo ya lebo hayatasomeka.