Sanduku la babu darini

SWALI: Shikamoo mhariri, tulikuwa tunabomoa dari ya nyumba ya zamani ya babu tukakuta sanduku la bati limejaa barua na picha zilizogandana, nyuma ya moja kuna mwandiko wa bibi kabisa, sasa tuzifanyeje zisiharibike?

JIBU: Marahaba, hongereni jamani, huo mwandiko ni mali! Picha msizibandue kwa nguvu, sura ya mtu itabaki kwenye picha nyingine. Pigeni picha kila kitu kwa simu kabla hamjapangua, maana hata mpangilio wake unaongea. Selotepu hapana kabisa, gundi yake inakula karatasi. Majina andikeni nyuma kwa penseli laini, halafu wahini kwa wazee wawatajie nani ni nani, hilo lisisubiri hata wiki. Hifadhini pakavu, pasipopigwa jua.