Kabla Hujakimbilia Uhandisi Ujerumani

Jumapili mtoto wa kaka alinifuata Uyole na matokeo yake ya kidato cha sita: PCM (fizikia, kemia na hisabati), divisheni wani, pointi 4. Chai haijapoa akasema, "Shangazi, nataka Ujerumani kama wewe. Kule chuo ni bure."

Hiyo bure ina maneno. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, sawa. Ila ili upate viza lazima uonyeshe fedha ya kujikimu mwaka mzima, na wengi huiweka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904, unatoa 992 kwa mwezi. Enzi zangu kilikuwa chini ya hapo, na bado baba aliuza shamba la viazi Isongole.

Hata hivyo, hela siyo iliyonitoa machozi. Huku tumezoea kosiweki, majaribio, mwalimu anayekuuliza jana ulikuwa wapi. Kule masomo yangu mengi alama yote ilikuwa mtihani mmoja mwisho wa muhula, na hakuna aliyejali kama uliingia darasani. Thamodainamiki nilianguka. Alama zao zimegeuzwa: 1 ndiyo bora, 4 umepita kwa shida, 5 umefeli. Mama alipoiona 5,0 kwenye simu akanipongeza, nikashindwa kumsahihisha.

Nikarudia, nikaanguka tena. Vyuo vingi vinakupa nafasi tatu; ya tatu ikikushinda unaondolewa, na kozi hiyohiyo huwezi kuhamia kuisoma chuo kingine nchini humo. Wiki sita sikupiga simu nyumbani. Mara ya tatu nikapata 3,7. Sijawahi kuifurahia alama namna ile, hata divisheni wani yangu.

Kwa hiyo mtoto nilimuuliza jambo moja tu: nani alikuamsha usiku kusoma? Akacheka. "Matroni."

Nikamwambia ningekuwa yeye ningesoma shahada ya kwanza MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, nikijifunza Kijerumani taratibu, maana uhandisi wa ngazi hiyo kule hufundishwa zaidi kwa lugha yao. Uzamili ndio ningeuombea nje. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalosomesha wanafunzi wa nje, nao umeelemea huko juu.

Hakupenda. Nikampa kitabu changu cha mekanika, nikamwambia asome sura tatu peke yake, bila tyusheni, aje na maswali yaliyomshinda. Hii wiki ya tatu. Juzi nimemwona Mwanjelwa, akavuka barabara.