Ile nafasi yenye alama ya kiti mwendo: namna nilivyoidai hadi nikaipata

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji kutoka Mwanza. Ni kijana aliyeumia uti wa mgongo, akahangaika hadi akafungiwa breki na kikanyagio cha mafuta vya kutumia kwa mkono kwenye gari lake, na sasa anajiendesha mwenyewe kwenda kazini. Ameniuliza hivi: "Dada, kila nikifika benki nakuta nafasi yetu ya kuegesha, sisi wenye ulemavu, ina gari la mtu mwenye afya yake. Nikimwambia, anasema anatoka sasa hivi. Wewe huwa unafanyaje?"

Nilimjibu kwa kifupi siku hiyohiyo, lakini swali lake lilinitonesha. Na kwa kuwa wengi mnaonisoma mna nia moja na yangu, ya kushika usukani wenyewe na kwenda mnakotaka bila kumsubiri kaka au shemeji apate muda, nimeona niliandike jambo hili lote.

Kwanza ieleweke ile nafasi ni ya nini, maana hata baadhi yetu hatuijui vizuri. Watu wengi wanadhani tumetengewa ili tuwe karibu na mlango. Ukaribu unasaidia, ila haja yetu kubwa ni upana. Nafasi ya kawaida ya kuegesha ina upana wa kama mita 2.4. Ya kwetu, ikichorwa inavyotakiwa, hufika mita 3.6, kwa sababu pembeni yake kuna ukanda wenye mistari ya mshazari, na ukanda huo ndio mahali pa kiti mwendo. Mimi nikishazima gari nafungua mlango hadi mwisho. Navuta fremu ya kiti kutoka upande wa abiria, naipitisha juu ya mapaja, naishusha chini. Nachomeka tairi moja, kisha la pili, naweka mto, nafunga breki za kiti, ndipo najihamisha kwa nguvu za mikono. Mlango ukifunguka nusu, hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayowezekana. Nipe nafasi ya kawaida mbele kabisa ya mlango wa duka, bado nitabaki ndani ya gari nikiangalia watu wanaingia na kutoka.

Kuna na lile la kubanwa wakati wa kurudi. Umeshashuka salama, umenunua vitu vyako, unatoka unakuta mtu ameegesha juu ya ile mistari kwa sababu ameona pako wazi. Gari lako unaliona, ufunguo unao, na huwezi kuingia. Nimekaa juani na mfuko wa samaki mapajani nikimsubiri mwenye gari amalize kunyolewa.

Lakini lililoniumiza zaidi lilitokea jioni moja kwenye duka la dawa. Nilikuwa nimefuata dawa za mama. Kwenye nafasi yetu kulikuwa na gari kubwa, limewasha taa za hatari, mwenyewe ndani anaongea na simu. Nikapiga honi ya heshima. Akashusha kioo. Nikamsalimia, nikamweleza. Akanitazama, akatazama gari langu, akasema: "Dada yangu, kwani huna mtu wa kumtuma?" Halafu akapandisha kioo akaendelea na simu yake. Mlinzi alikuwa pale pale, ameinamisha uso.

Nilirudi nyumbani bila dawa. Nilimwambia mama duka limefungwa. Usiku ule nililia, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikutoka peke yangu. Miaka imepita na nimemsamehe mambo mengi yule baba, lakini sentensi ile bado sijaimaliza moyoni. Mtu aliyejifunza upya kukaa, kuvaa na kuendesha gari anaambiwa atume mtu!

Nilichojifunza ni kwamba kumgombeza dereva mmoja mmoja hakuishi. Leo umemtoa huyu, kesho yuko mwingine. Mwenye mamlaka juu ya nafasi ile ni mwenye jengo, kwa hiyo ongea na mwenye jengo. Na usiongee tu, andika.

Nilianza na jengo ninakofanya manunuzi yangu, hapa hapa Dar es Salaam. Nilimwomba binamu yangu aje na futi kamba, tukapima nafasi iliyotengwa, tukakuta haitofautiani na nyingine zote; walikuwa wamechora alama tu. Nikaandika barua fupi kwa meneja. Nikaweka vipimo, vya kwao na vinavyotakiwa. Nikaweka picha za magari yaliyokalia nafasi ile, namba zake nimezifunika kwa sababu shida yangu haikuwa kumwaibisha mtu. Nikamkumbusha kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 ya mkataba huo inahusu kufikika kwa majengo, barabara na huduma. Na kwamba mwaka 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe, Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9. Wenye majengo wengi hawajawahi kuisikia. Itaje kwa jina na namba. Barua yenye namba ya sheria haitupwi kirahisi.

Meneja, mama mmoja mpole, aliponiita alisema hawana wateja wengi wenye ulemavu. Nikamwomba ashuke nami chini aone ninavyotoka kwenye gari. Alisimama pale hadi nikamaliza. Hakurudia tena maneno yale.

Wamechora upya. Wameongeza ukanda wa mistari upande wa dereva, na wamesimamisha kibao kwenye nguzo, jambo ambalo niliwasisitizia sana, kwa sababu alama ya chini ikishafunikwa na gari haionekani, na kila mtu atasema hakuiona. Wameweka koni, na mlinzi amepewa maelekezo ya maandishi kutoka ofisini. Siku hizi gari langu likiingia getini, mlinzi anaitoa koni kabla sijapiga honi. Wiki mbili zilizopita nimemkuta pale bibi mmoja mwenye magongo anashushwa na mjukuu wake bila haraka wala kusukumwa na honi za watu. Kazi ile niliifanya mimi, na ninajivunia.

Msimsahau mlinzi. Anaogopa wenye magari makubwa, maana neno moja kwa bosi linamfukuzisha kazi, na wengine humpa elfu mbili awashikie nafasi ileile. Ukimfokea unamwongezea adui wa pili. Msalimie, mjue kwa jina, na mtafutie karatasi ya bosi wake. Akiwa na maandishi mkononi anaweza kumwambia mheshimiwa yeyote, "Samahani mzee, ni maagizo ya ofisi."

Jambo jingine kwetu sisi wenyewe: usimhukumu mtu kwa kumwona anatembea. Kuna mwenye mguu wa bandia chini ya suruali, kuna mgonjwa wa moyo asiyeweza kwenda hatua hamsini. Uingereza, tangu 2019, kadi yao ya buluu ya kuegesha inatolewa pia kwa wenye ulemavu usioonekana. Uliza kwanza, kwa adabu. Lakini hukohuko kadi ni ya mtu, haihusiani na gari, na anayeitumia vibaya anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Kwa hiyo ndugu zetu mnaochukua gari la mgonjwa, mgonjwa mmemwacha nyumbani, mkaenda kukalia nafasi yake sokoni, mnatuumiza kama wengine tu.

Na wewe mwenye miguu yako mizima, nakuomba uache kusema "dakika mbili". Mimi sijui dakika zako mbili zinaanza lini. Nikifika nikakuta gari lako, ninageuza na kuondoka, hutaniona, na utaamini kwamba hukumsumbua mtu. Kubaki ndani ya gari na taa za hatari hakubadilishi kitu. Usikae pale hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha, hata kama nafasi ziko tatu na zote ziko wazi. Mungu amekupa miguu, tembea. Wafundisheni na watoto wenu wakiwa bado wanakaa kiti cha nyuma, kwa sababu wanaangalia mnavyofanya.

Kijana wangu wa Mwanza, anza na meneja wa tawi. Pima, piga picha, andika, taja sheria, omba kibao cha nguzo na maelekezo ya maandishi kwa mlinzi. Baki na nakala yenye mhuri wa mapokezi. Asipojibu, andika tena, safari hii makao makuu ya benki, nakala kwa chama chenu cha watu wenye ulemavu hapo mkoani. Wakikuita, waombe washuke chini wakuone unavyotoka kwenye gari.