Homoni na mionzi baada ya upasuaji wa tezi dume: nipeni namba

Tezi dume yenye saratani ilishaondolewa, lakini PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) imepanda. Kwa nini naambiwa nipigwe mionzi na kuchomwa sindano za homoni?

Imepanda kutoka ngapi hadi ngapi? Nimeshachoka kuuliza. Ukiandika "imepanda" bila namba wala tarehe, hujaniambia kitu. Baada ya upasuaji PSA inatakiwa ishuke mpaka kipimo kisiione. Ikifika nanogramu 0.2 kwa mililita, ikarudiwa na kuthibitika, kuna seli za saratani zilizobaki, mara nyingi palepale tezi ilipokuwa. Mionzi inazipiga hapo. Dawa ya homoni inazinyima testosteroni, homoni ya kiume inayozilisha, hata zile zilizotoka nje kidogo ya eneo la mionzi.

Kwa hiyo kila anayepigwa mionzi anahitaji homoni?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoumizwa. Kuna utafiti wa wanaume 760 uliochapishwa mwaka 2017. Waliopewa mionzi pamoja na vidonge vya bikalutamidi (dawa ya homoni inayoizuia testosteroni) kwa miaka miwili, baada ya miaka 12 walikuwa hai 76 katika kila 100. Waliopewa mionzi peke yake, 71. Ni faida ya kweli. Lakini data hizo zilipochambuliwa upya, walioanza na PSA ya 0.6 kushuka chini hawakuongezewa maisha, na vifo vyao vya sababu nyingine viliongezeka. Kama PSA yako ni 0.25 na unaandikiwa homoni ya miaka miwili, uliza kwa nini kabla hujakubali. Mwenye moyo mbovu au kisukari aulize mara mbili.

Homoni ni ya miezi sita au miaka miwili?

Inategemea PSA, kasi yake ya kupanda, alama ya Gleason (ukali wa saratani ikiangaliwa kwa darubini) na kama tezi za limfu zimeguswa. Beba ripoti ya patholojia, ile ya maabara iliyochunguza tezi iliyotolewa. Bila hiyo mnabahatisha.

Baada ya sindano mbili PSA ya baba haionekani tena. Aache mionzi?

Asiache! Homoni hushusha PSA hata seli zikiwa bado hai. Namba hiyo imeshikiliwa na dawa.

Naweza kunywa mitishamba badala ya sindano?

Hapana.

Mume wangu huamka usiku fulana imelowa chapachapa, anakaa ukingoni mwa kitanda, hataki kuongea. Nimemkosea nini?

Hujamkosea, dada yangu. Joto hilo linaletwa na sindano, na huzuni nayo mara nyingi inatoka hukohuko. Hamu ya tendo la ndoa pia hupotea, misuli hupungua, mifupa hudhoofika. Dawa za kupunguza joto zipo, muombeni daktari. Mifupa ipimwe, na mume wako afanye mazoezi ya kunyanyua uzito tangu mwezi wa kwanza, asingoje mpaka aanguke. Haya yote mlipaswa kuelezwa ninyi wawili, mmekaa pamoja, kabla ya sindano ya kwanza. Kliniki ijayo nenda naye, uingie naye ndani.