Nivunje akiba ya uzeeni nimlipie mtoto chuo?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 47, nimeajiriwa, na nitastaafu nikifika 60. Kifungua mimba wangu amepata nafasi chuoni, masomo ya miaka minne, na nyuma yake kuna wadogo wawili. Nimechukua fomu ya kutoa sehemu kubwa ya akiba yangu ya uzeeni ili nilipe ada yote, asije akaanza maisha na deni. Mume wangu anasema mtoto aombe mkopo wa elimu. Wifi yangu anasema mzazi mwenye mapenzi hujinyima. Mimi mwenyewe nina mkopo mdogo wa vyombo vya nyumbani, riba asilimia 24 kwa mwaka, naulipa kidogo kidogo. Nifanyeje?*
*Mama wa Njiapanda*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mtoto. Fomu hiyo iweke kando kwanza. Katika hili niko upande wa mume wako, na wifi yako anisamehe.

Ada ya chuo ina njia kadhaa za kulipwa: ufadhili, mkopo wa elimu, vibarua vya likizo, malipo ya awamu, hata kuanza chuo cha bei nafuu na kuhamia kingine baadaye pale utaratibu unaporuhusu. Uzee hauna mkopo. Hakuna benki itakayokukopesha chakula na dawa ukiwa na miaka 70 kwa ahadi kwamba utarudisha ukipata kazi. Ukifika huko mikono mitupu, atakayekubeba ni mtoto huyuhuyu, naye wakati huo ana wake wa kusomesha. Deni utakuwa hukumwepusha nalo. Utakuwa umemsogezea mbele, tena bila kumwambia.

Tupige hesabu. Tuseme akiba yako inapata faida ya asilimia 8 kwa mwaka, na faida yenyewe inaachwa humo izae. Kila 100 utakayotoa leo ingefika karibu 272 siku unatimiza miaka 60. Bei nazo hazilali: zikipanda asilimia 5 kila mwaka, kitu cha 100 leo kitauzwa karibu 189 wakati huo. Kwa hiyo 272 hiyo ingenunua vitu ambavyo leo vinagharimu kama 144. Wauza uwekezaji hupenda kutaja namba ya kwanza na kuinyamazia ya pili, ndiyo maana nimekuwekea zote. Hata kwa namba ndogo, 100 yako imeongezeka nawe umekaa tu. Na bado hatujagusa kodi na makato ambayo mifuko mingi hutoza anayetoa pesa kabla ya umri.

Ukitaka kukadiria bila kikokotoo, chukua 72 ugawanye kwa asilimia ya faida. Kwa 8 unapata 9, yaani pesa huongezeka maradufu katika miaka 9 hivi. Ni kanuni ya kale. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliitaja katika kitabu chake cha mwaka 1494. Sasa ijaribu kwenye deni: 72 kwa 24 ni 3. Deni la riba hiyo likiachwa tu, huwa mara mbili katika miaka mitatu na ushee. Mkopo unaouita mdogo unanitia wasiwasi kuliko ada yenyewe.

Anza na huo. Kila senti unayopunguza humo inakuokolea asilimia 24 kwa mwaka, na sijui uwekezaji unaokuhakikishia faida hiyo, anayekuahidi, mkimbie. Michango ya uzeeni usiisimamishe, hasa kama mwajiri anachangia upande wake, kwa sababu ukiacha yako na yake huenda ikakoma. Deni likiisha, pesa uliyokuwa ukilipia ielekeze kwenye akiba ya dharura hadi ifike matumizi ya miezi mitatu, baadaye sita. Bila akiba hiyo, ugonjwa mmoja katikati ya muhula utakurudisha kwa wakopeshaji.

Kuhusu mkopo wa mtoto, sijasema achukue wowote anaoupata. Muulize mkopeshaji: riba inaanza kuhesabiwa lini, akiwa bado anasoma au baada ya kumaliza? Inaweza kupanda? Marejesho yanaanza lini, na ikiwa hajapata kazi? Akiacha masomo njiani je? Swali hilo la mwisho watu huliogopa, lakini deni bila shahada ndilo baya kuliko yote. Na angalia sehemu ya mdhamini. Ukitia saini pale, asipolipa watakuja kwako.

Akope pengo tu. Ili mlijue pengo, andikeni gharama za miaka yote minne: ada, malazi, chakula, usafiri, vitabu, kompyuta. Toeni mtakachoweza kulipa kutoka kwenye mishahara yenu, toeni na ufadhili. Kipimo ninachokipenda ni kwamba deni lote lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza katika kazi anayoisomea. Likizidi sana, tafuteni chuo kingine, hata kama hiki ndicho chenye jina.

Kuna jambo moja limenishangaza, mwanangu. Barua yako ina maneno ya mume na ya wifi, lakini ya mtoto mwenyewe hayamo. Huyu anakwenda chuo kikuu, hesabu anazielewa. Kaeni naye, baba yake akiwepo, mmwoneshe karatasi. Mwambie: "Kila muhula tutakupa kiasi hiki, na hatutapungukiwa. Kinachobaki tutakitafuta pamoja." Usiombe radhi, na usimweleze unavyojinyima, maana ataanza masomo na hatia ambayo si yake.

Kabla ya kumtajia kiasi hicho, kizidishe kwa watatu. Wadogo zake watakumbuka kaka au dada yao alipewa nini, nao watakuja na barua zao za kujiunga.